Nyumba ya Magurudumu Inayovuja

Tulizuru Hull, Uingereza, mji mashuhuri kwa kuunda karavani, nyumba zikokotwazo na motokaa. Mwenyeji wetu akatulaza katika yake, aliyoinunua mpya miezi mitatu nyuma. Usiku mvua ikanyesha, maji yakatudondokea kitandani. Kumbe muuzaji alikwisha kuiziba mara moja!

Asubuhi muuzaji akataka kuziba tena. Mwenyeji akakataa, akatueleza sheria yao ya mwaka 2015: ndani ya siku 30 mnunuzi huweza kurudisha kitu kibovu akalipwa fedha zake zote. Zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza. Ubovu ukibaki, mnunuzi hukirudisha, au hukaa nacho akapunguziwa bei.

Enyi vijana, tunzeni stakabadhi. Mwenyeji wetu alikuwa nazo zote mkononi.