Ufa wa Kibuyu cha Kogo

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Hawakutuambia, hata hivyo, ufa wenyewe uzibwe kwa kitu gani. Swali hilo lilinikabili Desemba iliyopita nyumbani Kimulot, mbele ya kibuyu cha nyanya yangu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekiangusha.

Kibuyu hicho, ambacho sisi Wakipsigis tunakiita sotet, kina umri mkubwa kuliko mama yangu. Kogo alikuja nacho alipoolewa. Humo ndimo maziwa yalimolala hadi yakawa mursik, baada ya tumbo lake kusuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, na humo ndimo nilimonyweshwa siku nilipohitimu shahada ya kwanza. Kiliponiponyoka kikagonga sakafu ya saruji, ufa ulishuka kutoka shingoni hadi tumboni, urefu wa shibiri nzima. Kogo hakunikaripia. Alikiokota, akakipangusa, akakirudisha mahali pake. Heri angalinikaripia.

Kesho yake nilishuka Kericho kutafuta dawa. Nilijiona mjuzi, kwa kuwa nilipokuwa Mombasa nikikusanya data ya tasnifu nilimtazama kijana mmoja akikarabati ubao wa kuteleza mawimbini. Alinieleza kwamba utomvu wa viwandani anaoutumia ni wa aina mbili. Poliesta ni ya bei nafuu na hukauka upesi, lakini ndani yake mna stairini, ambayo huyeyusha lile povu jeupe la polistairini lililo moyoni mwa baadhi ya mbao. Fundi asiyeuliza hupaka na kuona shimo likipanuka mbele ya macho yake. Epoksi hailili povu hilo. Hata hivyo, ni ghali, na sharti sehemu zake mbili zipimwe barabara, kwani kuzidisha kigumishi hakuiharakishi bali huiacha laini. Basi nikanunua epoksi.

Njiani, katikati ya mashamba ya chai, nilijiuliza (ndiyo maradhi yetu wanafunzi wa Kiswahili) bidhaa hii ningeiitaje. Gundi? Ulimbo? Ulimbo ni wa kunasia ndege. Lugha yetu inayo sandarusi, utomvu uliogeuka jiwe ambao ulichimbwa ardhini katika mwambao na kupitia Unguja hadi Salem, Marekani, katika karne ya 19, ukatengenezewa vanishi ya samani. Lugha iliyofanya biashara hiyo haiwezi kuwa maskini wa istilahi za utomvu. Huenda sisi ndio wavivu wa kuzitafuta.

Kogo alizigeuzageuza zile chupa mbili, akazinusa. Kisha akaniuliza kwa Kipsigis:

"Ukipitisha kaa la moto humu ndani, dawa yako itakuwaje?"

"Italainika, Kogo."

"Na maziwa yakichachuka juu yake siku nne?"

Sikuwa na jibu. Gamba la kibuyu hunywa maji likatanuka, hukauka likanywea. Epoksi ikishaganda haifuati mwendo huo. Isitoshe, maagizo ya chupani hayakutaja chakula popote, na baridi ya Kimulot wakati wa usiku ingeichelewesha kuganda. Mimi nilikuwa nimechagua kati ya dawa mbili pasipo kuuliza iwapo mgonjwa alihitaji mojawapo.

Tulikishona. Kogo alikilowesha ili kisivunjike zaidi, akanipa msharasi nitoboe vitundu pande zote mbili za ufa, naye akapitisha uzi kwa vidole vinavyotetemeka, akikaza kila hatua. Kazi hiyo ilitumaliza alasiri nzima. Mara mbili nilitoboa karibu mno na ukingo, akaninyang'anya msharasi bila kusema neno, kisha akanirudishia. Mwishoni alizisugua nta ya nyuki nyuzi zile.

Nilidhani maziwa yangerudi humo. Akatikisa kichwa: nta ingeyeyuka kwa makaa, na kibuyu kilichoshonwa huvuja hata kisipoonekana kuvuja. Akakijaza mbegu za wimbi, akakitundika juu ya meko. Wimbi la kupandwa, si la bahari, ingawa nilicheka peke yangu nilipolisikia neno hilo kichwani.

Mursik wa shahada ya uzamili utatoka katika kibuyu kingine. Kogo amekwisha kuupanda mmung'unye kando ya ua, na kila nipigapo simu hunieleza umefika wapi. Ile epoksi niliitumia kuunganisha mpini wa mwavuli wake.