Nilidhani ni Nyota Moja

Mpenzi msomaji, kuna kosa nililomtendea mwanangu ambalo hadi leo nikilikumbuka huona haya. Ikiwa wewe ni mzazi mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne, kaa kitako unisikilize. Nawe mwanafunzi usiende mbali, maana yanakuhusu.

Binti yangu alipofaulu mtihani, ploti nzima ilijua. Mimi mara moja nikamwona akiwa mhasibu, amekaa katika ofisi nzuri katikati ya jiji. Kumbe mwenzangu alikuwa na lake! Alitaka kusomea fizikia, kisha aingilie elimu ya nyota. "Nyota zitakulipia kodi ya nyumba?" nilimuuliza. Akanyamaza. Kesho yake, kwa kuwa namba zake zote nilikuwa nazo, nilikwenda saiba kimyakimya nikafuta chaguo lake na kuweka uhasibu. Sikumwambia yeye wala mama yake.

Siku chache baadaye, mwezi wa Februari, stima zilipotea mtaani. Joto likatufukuza nyumbani, tukapanda juu ya paa kunakoanikwa nguo. Ilikuwa yapata saa tatu usiku. Binti yangu akanyoosha kidole upande wa kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, palipokuwa na nyota kubwa yenye rangi ya manjano.

"Baba, pale unaona nyota ngapi?"

"Moja," nikajibu.

"Ni mbili. Inaitwa Capella."

Nilikodoa macho hadi yakatoa machozi. Moja tu! Nikamwambia asinifanye mtoto. Hapo ndipo aliponipa somo ambalo sitalisahau.

Alinikumbusha jinsi gari linavyokuja usiku katika barabara ya Mombasa. Likiwa mbali sana huoni ila mwanga mmoja. Likikaribia, mwanga ule hugawanyika na kuwa taa mbili. Capella haikaribii, maana iko mbali mno: nuru yake hutumia takriban miaka 43 kutufikia. Nuru niliyokuwa nikiitazama ilianza safari nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi!

Mwaka 1899 wataalamu waliochambua rangi za nuru yake waligundua kwamba ni nyota mbili zinazozungukana. Hata hivyo, hakuna darubini iliyoweza kuzitenganisha. Pengo lililo kati yake, likitazamwa kutoka hapa, ni sawa na upana wa kidole kidogo kilichoinuliwa Thika nawe ukikitazama kutoka Nairobi.

"Basi walizitenganishaje?" nikauliza, maana sasa alikuwa amenishika.

Akaniambia nuru husafiri kama mawimbi ya maji. Tupa mawe mawili kidimbwini. Mawimbi yanapokutana, mgongo kwa mgongo huinuana, na mgongo kwa bonde huuana. Vivyo hivyo, ukiipokea nuru ya nyota kupitia matundu mawili yaliyoachana, kisha ukaikutanisha, utaona michirizi ya mwanga na giza. Nyota zikiwa mbili, kila moja hutoa michirizi yake. Matundu yakigeuzwa hadi michirizi angavu ya nyota moja iangukie penye giza la nyingine, yote hufifia. Kutokana na kufifia huko, mtu hupiga hesabu akajua nyota zimeachana kiasi gani, na mstari unaoziunganisha umeelekea wapi.

Mbinu hiyo iliendelezwa na Albert Michelson wa Marekani. Mwishoni mwa 1919, John Anderson aliitumia katika darubini kubwa ya mlima Wilson, California, akazipima nyota za Capella. Mwaka 1995 wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, waliunganisha nuru ya darubini ndogo zilizotenganishwa mita chache, wakapata picha ya nyota zote mbili. Siku hizi kuna darubini sita katika mlima huohuo wa Wilson, nyingine zikiwa zimeachana mita 330, nazo hufanya kazi kama jicho moja.

Nikauliza, "Na faida yake?"

"Baba, nyota iliyo peke yake ni vigumu kuijua uzito. Zikiwa mbili, jinsi zinavyovutana ndiyo mizani yenyewe. Hizi huzungukana kwa siku 104, na kila moja ina uzito wa takriban majua mawili na nusu."

Msomaji, nilinyamaza. Si kwa sababu ya nyota. Nilikuwa nikimsikiliza mtoto niliyemlea miaka kumi na minane, na kumbe sikuwa nikimjua. Nilimtazama kwa mbali nikaona kitu kimoja: mshahara. Nilimwambia palepale nilichokifanya saibani. Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza tu, "Zimebaki siku ngapi?" Zilikuwa zimebaki mbili.

Asubuhi tulikwenda pamoja, akarudisha chaguo lake kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake aliponisikia alinisema wiki nzima, nami nilistahili.

Je, atapata kazi? Sijui, na hofu hiyo bado ninayo. Kodi ya nyumba hailipwi kwa michirizi ya nuru. Lakini mzazi mwenzangu, mshauri mwanao, mwonye, hata ubishane naye. Usimwibie uamuzi wake gizani. Tangu siku ile binti yangu amebadilisha namba yake ya siri, na mimi hajaniambia. Sina la kumlaumu.

Februari ikifika, panda juu ya paa na mwanao, mtazame kaskazini. Utaona moja. Muulize yeye anaona ngapi, kisha umwache aseme.