Tulienda kuvuna maharagwe Miti, tukarudi na swali la shamba

Siku ya posho iliyopita hatukukutana mahali petu pa kila juma. Tulipanda teksi asubuhi mapema Bukavu, tukafuata barabara ya kitaifa namba 2, tukapita soko la Mudaka mpaka Miti. Pale njia inagawanyika: moja inaendelea Kavumu, nyingine inapanda Tshivanga, kwenye Mbuga ya Kahuzi-Biega. Kisha tukatembea kwa miguu. Mwenzetu mmoja amezaliwa upande ule, na mkubwa wake alikuwa anavuna maharagwe ya msimu B. Tulienda kumsaidia.

Nyumba yao iko katikati ya ndalo. Migomba ya karibu na mlango imenenepa kuliko ya mbali, kwa sababu majivu, maganda na takataka za jikoni zinaishia pale kila siku. Ndani ya jiko simbiliki walikuwa wanalia wakidai majani. Mtoto wa miaka minane ndiye anayewakatia, na mavi yao yanaenda moja kwa moja kwenye migomba. Mama mwenyeji alituambia akicheka: «Ukiwa na ng'ombe, ukoo wote unaijua. Simbiliki, hakuna anayekuja kuniomba.»

Maharagwe yanang'olewa asubuhi, jua likiwa bado dogo, ili maganda yasipasuke shambani. Tuliyabeba mpaka uani, tukayaanika juu ya mikeka, na yale yaliyokwisha kukauka tukayapiga kwa fimbo. Koko wa nyumba, mama mkwe, alikaa pembeni na ungo. Yeye anachagua mbegu: punje nzima, zisizo na doa. Anazichanganya na majivu makavu ili wadudu wasizitoboe, anazifunga, na hakuna mwenye ruhusa ya kuzigusa, hata siku ya njaa.

Kazi ya mwaka inafuata mvua. Msimu A unaanza mwezi wa 9, watoto wakirudi masomo, na mavuno yake yanakuja kati ya mwezi wa 12 na wa 1. Msimu B wanapanda mwezi wa 2 au wa 3, wanavuna mwezi wa 5 na wa 6. Kiangazi, mwenye nafasi kwenye bonde lenye maji analima msimu C. Mihogo na viazi vitamu vinabaki udongoni kama akiba. Miezi migumu ni wa 10 na wa 11: mbegu iko chini, chungu hakina kitu, na minervali inadaiwa. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini mtoto wao mkubwa, msichana, yuko sekondari.

Tulipokaa kula bugali na lenga-lenga, mama akatuambia habari iliyokuwa inamsumbua. Ndalo ni yao, lakini shamba la maharagwe ni la bwasa. Wamama wa Bushi mnaijua bwasa: unalipa, unalima msimu mmoja au miwili, na hauruhusiwi kupanda kitu cha kudumu, hata mgomba mmoja. Miaka mitatu wamebeba mbolea kichwani mpaka udongo umekuwa mweusi. Sasa mwenye shamba amesema akishavuna, basi. Anataka kupanda mikaratusi.

Baba wa nyumba alikuwa amekwisha kwenda kumwona. Waliandikiana kikaratasi: misimu miwili tena, kwa bei ya juu kidogo. Mama alipokisoma, aliona jina la bwana tu. Akauliza: «Mbolea nilibeba nani?» Baba alinyamaza. Alisema ni desturi. Koko ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye ungo: «Baba yako alipokufa, shamba letu la bwasa lilichukuliwa na mahindi yakiwa mabichi. Jina langu halikuwa popote.»

Tulikuwa pale wakati baba alipokichukua kile kikaratasi, akamwita mwanawe wa sekondari na kalamu yake. Mchana walikwenda wote wawili kwa mwenye shamba, mbele ya mkubwa wa kijiji na majirani wawili. Mwenye shamba alinung'unika, lakini aliweka sahihi. Sasa majina ni mawili, na mwisho wa misimu umeandikwa.

Hatusemi shida imekwisha. Misimu miwili inapita haraka, na mikaratusi itakuja. Lakini mama ameanza kuhesabu: kila juma anaweka franka kidogo kwenye sanduku la kijani la muso yake, kwa kutafuta shamba la kununua, hata dogo.

Wamama, sheria iko upande wetu. Sheria ya familia iliyorekebishwa mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mke alipaswa kuiomba kabla ya kufanya mapatano. Sasa bwana na bibi wanapaswa kusikilizana. Na watoto wa kike wanariti sawa na wa kiume. Lakini sheria haitembei yenyewe mpaka Miti. Msimu A unakaribia. Kabla ya kutia mbegu katika shamba la mtu, tuulize mambo matatu: imeandikwa? Inaisha lini? Majina ya nani yako pale?

Tulirudi jioni, mgongo ukiuma, kila mmoja na kitunga kidogo cha maharagwe mapya. Mbegu za koko zilibaki mahali pake.