Bia Hai ya Cambridge na Mbege ya Uchagani

Kila mwezi wa Mei, mahema makubwa husimamishwa Jesus Green, uwanja wa wazi katikati ya mji wa Cambridge, Uingereza, na watu humiminika kunywa bia. Tamasha hili lilianza mwaka 1974, na wanaoliendesha hawalipwi mshahara: ni walimu, mafundi, wanafunzi na wastaafu waliojitolea. Mimi, mtoto wa Marangu, nimehudhuria kama mnywaji na nimejitolea kama mhudumu, na nasema bila kusita kwamba hapa wenzetu wametuzidi kwa kuiheshimu pombe ya kwao.

Heshima hiyo ilipiganiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vikubwa vya Uingereza vilikuwa vikiiondoa sokoni bia ya asili ya pipa, ambayo hamira yake bado i hai, na kuleta bia iliyochujwa, ikapashwa moto na kusukumwa kwa gesi. Mwaka 1971 vijana wanne wakaanzisha chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA. Leo kina wanachama zaidi ya laki moja, na matawi yake ndiyo yanayoandaa matamasha kama hili.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Mapipa hulazwa juu ya vichanja mapema ili mashapo yatulie, maana bia bado inachachuka humo ndani. Joto lake hushushwa hadi kati ya nyuzi 11 na 13. Pipa likishafunguliwa, bia inatakiwa kunywewa ndani ya siku chache, la sivyo inaharibika. Kila pipa lina kadi inayotaja jina la bia, aliyeitengeneza, anakotoka na kiwango cha kilevi. Mteja hununua painti, nusu yake au theluthi, na theluthi humwezesha kuonja aina kadhaa bila kulewa. Aliyezidiwa hauziwi tena, na maji ya kunywa ni bure.

Mchaga yeyote akisimama mbele ya mapipa yale ataikumbuka mbege, kwa kuwa nayo ni pombe hai. Ndizi mbivu hupikwa na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewe huleta uchungu, kazi inayofanywa na hopsi katika bia ya Kizungu. Mbege nayo haingoji. Ikikaa sana, inakuwa kali na hainyweki. Mama anayeipika ana ujuzi usiopungua ule wa fundi yeyote aliyetajwa kwenye kadi za Cambridge, lakini jina lake linaishia kijijini kwake. Ndivyo ilivyo pia kwa wapishi wa rubisi Kagera na wagema wa ulanzi Iringa.

Sisemi kwamba nyumbani hatujui kujitolea. Kukiwa na msiba au harusi, majirani huja kupika, kuchota maji na kuosha vyombo bila kuitwa mara mbili. Ila tunajitolea kwa ajili ya mtu tunayemfahamu. Tamasha kubwa la bia tunaliachia kampuni: yenyewe inaleta jukwaa, msanii na wahudumu wa kulipwa, na inauza bia yake. Cambridge nimemwona daktari akikusanya glasi chafu za watu asiowajua, malipo yake yakiwa fulana, chakula na bia kidogo, kwa sababu anataka bia ya wazee wake isife.

Mbege bado inanywewa kwenye sherehe na vilabuni, kwa hiyo hatujachelewa. Vijana wa Moshi, Bukoba na Iringa wanaweza kuanza na uwanja mmoja wa kijiji na wapishi wachache: vyombo safi, maji salama, vipimo vinavyojulikana, kibali cha halmashauri, na kadi yenye jina la kila mpishi na la kijiji chake. Nasi tulio ughaibuni, tunaochangia harusi kila mwaka, tuchangie na hili; na tukienda likizo, tuvae aproni tuhudumu. Pombe ya wazee wetu italindwa na sisi wenyewe, si na kampuni wala mgeni.