Kuishi na Mbwa wa Pua

Tangu niseme kwenye mkutano wa chama kwamba nalipa kodi pungufu kwa sababu ya mbwa, nimeulizwa maswali mpaka basi. Naandika hapa mara moja nisirudie tena.

Mama mwenye nyumba yangu hapa Leeds ni muuguzi, zamu zake ni za mchana. Ana mbwa dume aina ya Beagle, umri miaka mitatu, anaitwa Rusty. Nilipohamia, jirani alikuwa ameshalalamika mara mbili kwamba mbwa akiachwa peke yake analia kutwa. Tena si kubweka kama mbwa wa mlinzi kule kwetu. Ni sauti ndefu ya kuvuta, kama honi ya meli bandarini. Mama alikuwa ameanza kutafuta mtu wa kumpa. Tukapatana: mimi nimtembeze na kushinda naye nisipokuwa na vipindi, yeye anipunguzie pauni 60 kwa mwezi. Mnaozijua kodi za huku mtanielewa.

Mimi ni mtu wa Tanga, na nyumbani mbwa haingii ndani. Sisi wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Nilimweleza mama siku ya kwanza, akaelewa. Chumbani kwangu Rusty haingii, na nina suruali na koti la kumtembezea tu.

Watu wakimwona hivi alivyo mdogo, sentimita 33 hadi 40 begani, masikio yamelala, macho ya huruma, wanadhani ni mbwa wa kupakatwa. Kumbe Waingereza walimzalisha awinde sungura kwa kufuata harufu, akiwa kundini, na wawindaji nyuma yake kwa miguu. Vituko vyake vyote vinatoka hapo. Ile sauti ndefu ni ya kumjulisha mwindaji aliko. Upweke haumudu kwa kuwa ni wa kundi. Na akishaishika harufu, ukimwita ni kama hakusikii, wala si kiburi.

Kwa hiyo kumfokea ni kupoteza pumzi. Tumia tumbo lake. Natembea na vipande vya kuku wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa). Tulianzia ukumbini: namwita jina, akija anapata kipande. Kisha uani, kisha kwenye uwanja wa Woodhouse Moor, na kamba ya mita 10. Sasa akiitwa anakuja mara nyingi, ila akipita kindi, yaani, sahau. Kamba sijaifungua na sitaifungua.

La kulia lilichukua muda zaidi. Natoka dakika mbili, narudi kabla hajaanza. Kesho tano. Kabla ya kutoka naviringisha chakula chake ndani ya taulo kuukuu, akitafute kwa pua. Kazi ya pua inamchosha kuliko unavyofikiri. Leo anakaa saa tatu kimya, na jirani ananisalimia.

Manyoya ni mafupi, brashi mara moja kwa wiki inatosha, ingawa yanapukutika kila mahali. Masikio ndiyo ya kuangalia: yamefunika tundu, hewa haipiti, ukisikia harufu mbaya mpeleke kwa daktari wa wanyama. Chakula kipime, maana huyu hajui kushiba na ananenepa upesi. Chokoleti na zabibu fungia kabatini, zinaweza kumuua. Na usidhani utamficha kitu! Wenzetu mnaoingia Marekani na maembe kwenye begi mnawajua ndugu zake: idara ya kilimo ya huko ilianza kuwatumia Beagle mwaka 1984 katika uwanja wa ndege wa Los Angeles.

Mimi namaliza masomo Septemba. Mama ameshaniuliza nani atachukua chumba, na najua anachouliza hasa ni nani atakaa na Rusty. Kodi itabaki ile ile. Mwenye nia aniambie, ila kwanza aje siku ya mvua, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumtembeze pamoja.