Barua kwa Mpwa: Kulala Ndani ya Ndege ya Usiku

Mpwa wangu,

Hewa anayovuta abiria wa ndege ya masafa marefu ni hewa ya mlimani. Ndege huruka mita 10,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na ndani yake hewa hushindiliwa mpaka ifanane na ile ya mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Kilele cha Lupanga, kinachouinamia mji wa Morogoro, kina mita 2,138. Anayesinzia kitini basi amelala juu ya Lupanga, ila bila ukungu wake. Huko juu kwenye milima ya Uluguru kila jani lina umande, lakini ndani ya ndege unyevu wa hewa mara nyingi haufiki asilimia 20. Koo hukauka, macho huwasha, pua huziba, na usingizi hukatika kila mara. Dawa yake ni maji, yanywewe kidogo kidogo tangu kabla ya kupanda. Pombe humlaza mtu upesi na kumwamsha upesi, tena ikichanganywa na vidonge vya usingizi ni hatari ya kweli.

Hewa ikipungua uzito, gesi ya tumboni nayo hutanuka, karibu theluthi. Maharage na soda jioni ya safari ni kujitafutia usiku wa maumivu.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kabla ya kufika uwanjani. Msafiri huamka alfajiri Morogoro, huzunguka kuaga, hukimbilia treni au basi, kisha hufika Jengo la Tatu la uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akiwa hoi, akiamini kwamba uchovu utamlaza. Uchovu si usingizi. Mwili uliokimbizwa kutwa hukaa macho, moyo ukienda mbio. Kuaga ni wajibu, na kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba harukwi. Ila mjomba huyo huyo angefurahi zaidi kuagwa siku mbili kabla, ili msafiri ashuke Dar mapema na apumzike mchana.

Kiti cha dirishani humfaa anayetaka kulala: kina pa kuegemea, na hakuna wa kumruka. Mkanda hufungwa juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kumwamsha mtu. Khanga moja hutosha kuziba macho, kukinga baridi na kukunjwa iwe mto wa shingo. Viatu hulegezwa. Kila anapozinduka, msafiri achezeshe vifundo vya miguu au atembee kidogo, kwa kuwa kukaa saa nyingi bila kujinyoosha huweza kugandisha damu miguuni.

Saa za ugenini nazo zina hesabu yake. Amsterdam iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi, hivyo anayefika huko amechoka amekosa usingizi tu, na usiku mmoja humrudisha sawa. Guangzhou iko mbele kwa saa tano: saa sita usiku ya Morogoro ni saa kumi na moja alfajiri kule. Mwili huzoea kwa takriban saa moja kwa siku, na kuelekea mashariki ni kugumu zaidi. Anayeshuka huko asubuhi hukaa kwenye mwanga wa jua, hulala kidogo mchana, chini ya nusu saa, kisha husubiri usiku wa wenyeji.

Mjomba wako,
Morogoro