Siku Mbili Katika Maji ya Moto ya Kurokawa

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu wa mjini kwamba umefika Japani, aghalabu atakuuliza habari za magari, viwanda na treni ziendazo kasi. Leo nakuomba uyaache hayo kando, ufuatane nami hadi katika bonde dogo la milimani ambako kazi za mgeni ni tatu tu: kuoga, kula na kulala. Bonde hilo limo katika mkoa wa Kumamoto, kisiwani Kyushu, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Jina lake ni Kurokawa, maana yake Mto Mweusi.

Yafaa kwanza nikueleze kilichotupeleka. Mke wangu alikuwa masomoni mjini Fukuoka, na kwa muda wa miaka miwili nilibaki nyumbani na watoto wetu wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Nilipopata likizo tulikusanya akiba yetu yote, nikawachukua watoto tukamfuata. Kiwanjani binti alimrukia mama yake shingoni. Yule mdogo alijificha nyuma ya mguu wangu, kisha akatoa kichwa na kusema "Shikamoo," kwa adabu ile ile anayowaamkia wageni wanaobisha hodi nyumbani. Sauti ya mama yake aliijua vyema kwa simu. Mtu mwenyewe hakumjua. Mke wangu aliitikia "Marahaba, mwanangu," akainama kushughulika na mizigo.

Siku tatu tulizokaa katika chumba chake cha mwanafunzi hazikusaidia kitu. Mtoto hakukubali kulishwa wala kuogeshwa na mtu mwingine ila mimi. Ndipo jirani mmoja, bibi mtu mzima, alipomshauri mke wangu atupeleke kwenye maji ya moto.

Basi liendalo Kurokawa kutoka Fukuoka huchukua karibu saa tatu. Barabara huacha uwanda wa mashamba ya mpunga, ikapanda katikati ya misitu ya mierezi hadi mwinuko wa mita 700 hivi. Si mbali kutoka hapo upo mlima Aso, volkeno ambayo hadi leo hutoa moshi. Moto ulio chini ya ardhi ya nchi ile, ambao mara kwa mara huwaletea watu wake maafa, ndio huohuo unaowachemshia maji ya kuoga. Wajapani huyaita maji hayo onsen, na wameyatungia hata sheria. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1948, maji yatokayo ardhini hustahili jina hilo yakiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiasi maalumu cha madini yaliyotajwa. Pale Kurokawa hutoka yakiwa ya moto mno, hata hapana budi yapozwe kabla ya mtu kuingia.

Nyumba ya wageni ya kijadi huitwa ryokan. Ukifika mlangoni utavua viatu, navyo vitapangwa vikitazama nje, tayari kwa safari yako ya kurudi. Utapewa ndara za kutembelea ushorobani, lakini ufikapo chumbani utazivua nazo, maana sakafu yote ni mikeka minene ya unyasi uitwao igusa. Unyasi huo hulimwa zaidi katika mkoa huohuo wa Kumamoto. Binti yetu alilala kifudifudi, akaunusa, akasema unanukia kama mkeka mpya wa bibi yake. Chumbani hamna kitanda wala makochi. Pana meza fupi, mito ya kukalia, birika la chai, na dirisha linalotazama mto.

Kisha utapewa vazi la pamba liitwalo yukata, mfano wa kanzu iliyo wazi mbele, lifungwalo kwa mshipi. Utalivaa kwenda kuoga, kula, hata kutembea barabarani. Angalia sana, ndugu msomaji: upande wa kushoto ndio unaokaa juu ya ule wa kulia. Mimi nilikosea. Mhudumu mmoja mzee aliponiona alinikimbilia, akanifungua mshipi na kunivika upya bila kuomba ruhusa. Baadaye mke wangu alinieleza kwamba kwa Wajapani kulia juu ya kushoto ni namna ya kumvika maiti.

Tuje sasa kwenye maji yenyewe. Najua unachojiuliza, nami nilijiuliza hayo hayo. Ndiyo, watu huoga pamoja, nao huingia majini bila nguo yoyote. Lakini aghalabu wanaume wana mahali pao na wanawake pao, na mlango wa kila upande una pazia lake. Penye nyumba yetu pazia la wanaume lilikuwa la buluu, la wanawake jekundu. Ndani utaketi juu ya kigoda kifupi, utajisugua kwa sabuni na kujisuuza hadi usibakiwe na hata povu. Hapo ndipo utakapoingia katika birika kubwa, kwa kuwa maji yale si ya kuondolea uchafu, ni ya kupumzikia. Taulo dogo ulilopewa halitiwi majini. Wengi hulikunja na kuliweka kichwani. Mwenye michoro ya wino mwilini aulize kwanza, maana ziko nyumba zisizompokea. Na yule ambaye dini au malezi yake hayamruhusu kuvua nguo mbele ya wengine asivunjike moyo: nyumba nyingi zina bafu la familia, lenye mlango wa kufungwa kwa ndani, ambalo huombwa kwa zamu.

Jioni ile ya kwanza mke wangu na binti walipita pazia jekundu. Kitinda mimba wetu aliambiwa awafuate, maana watoto wadogo wa kiume huruhusiwa kwenda na mama zao. Akanishika vazi kwa mikono miwili. Basi tukaingia wote upande wa buluu, tukakaa katika maji ya moto chini ya anga la baridi, mvuke ukitupanda usoni. Upande wa pili wa ua wa mianzi kulisikika kicheko.

"Baba," akaniuliza, "huyo anayecheka ni yule wa kwenye simu?"

Nikamjibu kwamba ndiye. Akanyamaza, akasikiliza sana.

Chakula cha jioni huliwa kwa saa maalumu, na kuchelewa ni utovu wa adabu, kwa kuwa kila sahani hupikwa iletwe kwa wakati wake. Tuliletewa vibakuli vidogo vidogo vya mboga za milimani, samaki wa mtoni aliyebanikwa kwa chumvi, supu na wali. Wapo waliokuwa wakila nyama mbichi ya farasi, ambayo ni fahari ya mkoa ule. Sisi tuliitazama kwa heshima, tukairudia samaki wetu. Asiyekula nguruwe, au asiyetaka chakula kilichotiwa pombe, hana budi kusema mapema, siku anapoagiza chumba, maana pombe ya mchele hutumika katika mapishi mengi. Tuliporudi chumbani tulikuta meza imesogezwa na magodoro manne yametandikwa mikekani, bega kwa bega.

Kesho yake tulitembea mjini. Kurokawa ina nyumba za wageni zipatazo 30, na nyingi zimepangana kando ya mto. Hutaona jengo refu wala taa za rangi rangi. Kuta ni za rangi ya udongo, mapaa ni meusi, na miti imeota kila penye nafasi. Ukidhani ndivyo palivyokuwa tangu zamani, utakuwa umekosea. Mwaka 1964 ilipofunguliwa barabara kuu ya utalii inayopita milima ile, wageni walifurika, kisha wakapungua, nyumba nyingi zikabaki tupu. Mwenye nyumba mmoja, Goto Tetsuya wa nyumba ya Shinmeikan, alikuwa tangu ujana wake amechonga mwamba kwa nyundo na tindo hadi akapata pango la kuogea lenye urefu wa karibu mita 30. Kwake wageni hawakukosekana. Angeweza kuikumbatia siri yake. Badala yake aliwafundisha wenzake namna ya kujenga mabirika ya kuogea nje, katikati ya miti na mawe.

Hata hivyo nyumba mbili hazikuwa na uwanja wa kujengea birika la nje. Ushirika wa wenye nyumba ungeweza kusema hiyo ni bahati yao mbaya. Lakini mwaka 1986 ulibuni kibao cha mviringo cha mti wa mwerezi, chenye kamba ya kuvaa shingoni, ambacho humruhusu mgeni kuoga katika mabirika matatu ya nje popote mjini, hata kama amelala katika nyumba isiyo na birika. Wakang'oa mabango yao ya biashara yapatayo 200, wakaweka vibao vya pamoja, wakapanda miti kwa maelfu. Msemo wao ni kwamba mji mzima ni nyumba moja ya wageni: njia ndizo shoroba zake, na kila nyumba ni chumba kimojawapo. Kwa mpango huo mji uliokuwa unakufa ukawa mashuhuri nchini kote.

Lakini nisikufiche la upande wa pili. Mwaka 2003 hoteli moja ya huko, mali ya kampuni ya mbali, ilikataa kuwapokea wazee wa makao ya Kikuchi Keifuen, waliokuwa wamepona ukoma zamani. Sheria iliyowatenga wagonjwa wa ukoma nchini Japani ilikuwa imefutwa mwaka 1996, na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ilikuwa imeamua kwamba serikali iliwakosea. Hata hivyo mlangoni mwa maji ya moto wazee hao walifungiwa. Nchi nzima ilifadhaika, na mwaka uliofuata hoteli hiyo ikafungwa. Nilikuwa nikiyafikiri hayo nilipokuwa nikitazama vile vibao vya mwerezi vikining'inia vifuani mwa wageni. Mahali pa kupumzikia huwa ni pa kupumzikia kweli pale tu anayefika anapokaribishwa. Akikataliwa mmoja, waliomo ndani wamebaki wanaoga tu.

Alasiri ile tulipata zamu yetu katika bafu la familia. Humo Wajapani wana desturi moja nzuri: mtoto humsugua mzazi wake mgongo. Binti alinisugua mimi. Mke wangu aliketi juu ya kigoda chake, ametupa kisogo, hakumwita mtu. Mvulana alisimama na kitaulo chake mkononi, akamtazama mgongo kwa muda mrefu. Kisha akaenda akaanza kusugua, taratibu, sehemu moja tu, kama anayefuta vumbi mezani. "Inauma?" akauliza. "Haiumi, baba," mama yake akamjibu, wala hakugeuka.

Usiku nilipoamka sikumkuta pembeni yangu. Alikuwa amebingirika, akavuka godoro la dada yake, akalala na mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake. Asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, tulikwenda kuoga mara ya mwisho. Tulipofika penye mapazia alipita lile jekundu bila kuniaga. Nilikaa majini peke yangu na mzee mmoja wa Kijapani niliyemwona pia jana yake. Akanionyesha kwa mkono kimo cha mtoto, kama kuuliza yuko wapi. Nikamwonyesha ua wa mianzi. Akacheka, akatikisa kichwa kwa kuridhika, tukaendelea kukaa.

Ndugu msomaji, safari ya namna hii ni ghali, na si vyema nikudanganye. Malipo ya ryokan huhesabiwa kwa kichwa wala si kwa chumba, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Na mtu mzima huongezwa kodi ndogo ya maji ya moto, aghalabu yeni 150. Kufika ni tangu saa tisa alasiri, kuondoka ni saa nne asubuhi. Kwa wengi wetu fedha hizo ni za kusomesha mtoto. Lakini kilichotufaa sisi si maji peke yake. Ni siku mbili ambazo hakuna aliyekuwa na la kufanya ila kuwa karibu na wenzake, bila gazeti la kuwahi wala mtihani wa kusomea. Hicho hata nyumbani kwetu chaweza kutafutwa, kwa beseni la maji ya uvuguvugu na jioni moja isiyo na shughuli.

Likizo ilipokwisha mke wangu alitusindikiza kiwanjani, kwani alikuwa amebakiza miezi ya masomo. Kijana wetu, aliyekuja bila kumjua, alimng'ang'ania shingoni akalia hadi watu wakageuka kutazama. Si vizuri baba kufurahi mwanawe akilia. Mimi siku ile nilifurahi.